Igizo la Bucha

Mwanangu Zuhura,

Asubuhi umeniuliza swali nami nikajifanya natafuta kisu. Ulisimama mlangoni mwa bucha na sare mpya ya shule mkononi, ukasema, "Baba, Jumamosi kuna majaribio ya mchezo wa shule. Kila mtu anakuja na kitu chake cha dakika tatu. Nikiwapelekea ile ya bucha, utaskia vibaya?" Kisu kilikuwa mbele yangu, juu ya meza, na sote wawili tulikuwa tunakiona. Kisha akaingia mteja wa maini, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nawe ukaenda zako.

Jibu langu ni hili: wapelekee. Ningeweza kuishia hapo, kwa sababu ndilo ulilotaka kujua, lakini kwa mdomo sikuweza hata hilo moja, na sasa kalamu imekubali kidogo. Wewe na mama yako mmekwenda Kanja kumuaga cucu, nyanya yako, hamtarudi kabla ya maghrib. Leo si siku ya soko, bucha ni tupu, na nimekaa kwenye kile kigoda chako cha Jumamosi. Ni kifupi sana. Sijui ulikuwa unakikaliaje miaka yote hii bila kulalamika.

Mambo ya sabuni, ndara, kufuli ya sanduku na kutolala na nywele mbichi, mama yako ameyamaliza. Nimemsikia tangu Jumapili. Mambo ya swala unayajua. Mimi nitakuambia mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujasimama mbele ya watu wa shule yako mpya huko Meru, na mengi kati ya hayo si ya kunipamba.

Kwanza siku ile yenyewe. Ulikuwa Gredi ya Nane, siku ya wazazi, na mimi nilikuja mapema nikakaa mbele kama mtu mkubwa. Walimu walizungumza, kwaya ikaimba, kisha Mwalimu Ireri akasema wanafunzi wake wa michezo ya kuigiza wana kitu kifupi. Ukatoka wewe. Ulikuwa umevaa koti langu jeupe la zamani, lile ambalo mama yako aliniambia liko kwa fundi. Ulijichora masharubu kwa masizi. Mbele yako palikuwa na meza, na juu yake mguu wa ng'ombe mliotengeneza kwa gunia na matambara na rangi nyekundu, na nakiri mguu ulikuwa mzuri.

Akaja mteja wa kwanza, yule rafiki yako mrefu. Ukatazama kushoto, ukatazama kulia, ukainama juu ya meza na kushusha sauti: "Huu mguu nimekuwekea wewe peke yako. Usimwambie mtu." Akaja wa pili, mwenye kanzu ya pasta. Ukatazama kushoto, ukatazama kulia. "Huu mguu nimekuwekea wewe peke yako." Alipofika wa nne ukumbi mzima ulikuwa umevunjika mbavu. Nyuma yangu nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ngai, hata mimi ananiambianga hivyo," na mwenzake akajibu, "Wewe? Si ni mimi." Watu wakaanza kugeukiana na kuulizana, kila mmoja akigundua kwamba ule mguu wake wa siri ni wa mji mzima.

Unajua kilichofuata, lakini unakijua kutoka jukwaani, hujui kilikuwaje kutoka kwenye kiti changu. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Mtu akikwambia mzani wako ni mbovu unaweza kuleta mzani mwingine. Mimi nilionyeshwa mdomo wangu. Nikasimama, kiti kikaanguka, nikapita katikati ya wazazi wote mpaka mbele, nikakushika mkono nikasema, "Twende nyumbani." Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Walicheka zaidi. Tulipofika mlangoni ndipo wakanyamaza, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kicheko.

Njiani ulifuta masharubu kwa mkono wa koti langu na hukulia. Nilitaka ulie ili nijue nimekuadhibu. Ulisema jambo moja tu: "Baba, walikuwa wanacheka juu ya vile wanakupenda." Nikakuambia unyamaze. Nikasema hakuna michezo tena, utasoma hesabu na sayansi, na hutavaa tena kitu changu bila ruhusa. Ulinyamaza kweli. Kwa habari ya michezo ulinyamaza miaka miwili, na mimi nikajidanganya kwamba umesahau.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mama yako halijui. Nilipokuwa mdogo nami nilikuwa naiga watu. Nilikuwa naweza kumfanya mkaguzi wa nyama, yule mzee aliyekuwa akija na muhuri wake kichinjioni, jinsi alivyokuwa akivuta kamasi kabla ya kila muhuri. Wachinjaji walikuwa wakiniita: "Idi, tufanyie mkaguzi." Siku moja nilimfanya na yeye mwenyewe amesimama nyuma yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini baba yangu alinizaba kofi mbele yake. Aliniambia, "Sisi hapa watu hutuita Waswahili, babu yako alikuja na serikali akiwa mpishi, akaoa Mmbeere, tumezaliwa hapa na bado ni wageni. Mgeni hachezi na sura za wenye mji." Kwa hiyo nikaacha. Angalau nilidhani nimeacha. Ukweli ni kwamba kipaji chote nikakihamishia kwenye bucha. Nikajifunza kumsalimia Mmbeere kwa Kimbeere, Mwembu kwa Kiembu, muuza miraa wa kutoka Kianjai kwa Kimeru chake, na kila mmoja kumpa sura anayoipenda. Wewe hukuokota kipaji chako njiani. Ulikitoa kwangu, na siku ulipokileta hadharani nikafanya kama baba yangu, tena bila kofi lakini kwa aibu kubwa zaidi.

Na yale maneno uliyoyaiga, ningependa ujue yalikotoka, kwa sababu ulipoyaiga uliyaiga vizuri kuliko unavyojua.

Nilipofungua bucha hii nilikuwa sijamwoa mama yako. Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Mbogo, bado yuko, ndiye yule anayekuja Jumamosi na kikapu cha kijani. Wakati huo watoto wake walikuwa wadogo. Alikuwa akisimama mwisho kabisa, anawaacha watu wapite, hata waliokuja nyuma yake, mpaka bucha iwe tupu ndipo aseme robo. Robo yenyewe alikuwa anaisema chini chini, kana kwamba anaiba. Siku moja bucha ilikataa kuwa tupu. Watu waliingia tu. Nikamwona amekaza mtandio wake, anataka kuondoka. Sijui nini kilinishika. Nikachukua kipande kizuri cha paja, nikakiinua mbele ya watu wote nikasema, "Mama Mbogo, hii nimekuwekea tangu asubuhi. Nilijua utakuja." Sikuwa nimemwekea chochote. Lakini aliinua kichwa, watu wakampisha, akaja mbele akaichukua robo yake kama mtu aliyeagiza. Nilimwona akitembea mpaka kona. Alikuwa anatembea vingine.

Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Kosa langu ni kwamba nilitaka kujisikia hivyo tena. Kesho yake nikamwambia mwingine maneno yale yale, na keshokutwa wengine wawili, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yananitoka bila kumtazama mtu. Niliyafanya chambo. Ulipokuja kukaa kwenye hiki kigoda, ukiwa na miaka saba, nane, yalikuwa yameshakuwa hila ya biashara, na wewe mtoto uliyasikia mara ishirini kwa siku ukayaweka akilini jinsi yalivyo. Hukutia chumvi. Ndiyo maana niliumia.

Asubuhi ya pili baada ya siku ya wazazi nilifungua nikiwa tayari kupigana. Pasta ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akaegemea meza akasema, "Sasa Idi, hii mguu umewekea watu wangapi leo?" Nikamkatia nyama. Akaja fundi wa baiskeli: "Mimi ni namba ngapi kwa hiyo mguu?" Siku nzima hivyo. Nilikuwa nimenuna kama punda, na ilinichukua karibu mwezi kutambua kwamba hakuna hata mmoja aliyehamia bucha ya ng'ambo. Walikuwa wanakuja zaidi, na walikuwa wanakaa. Wewe ulikuwa umeniambia kwa nini tangu njiani, na nilikuambia unyamaze.

Tangu hapo mdomo wangu ulikataa. Nikitaka kusema "nimekuwekea" naona masharubu ya masizi. Kwa hiyo nikaanza kuweka kweli. Ijumaa jioni natenga kipande cha Mama Mbogo, natenga matumbo ya yule mwalimu mstaafu, natenga mifupa ya supu kwa mgonjwa wa mtaa wa pili. Ni kazi ngumu kuliko kudanganya. Wakati mwingine mtu haji na mimi nabaki na nyama yake. Lakini nikimwambia mtu nimemwekea, sasa namtazama machoni. Haya umenifunza wewe, ukiwa na miaka kumi na minne, kwa dakika tano, na malipo yako yalikuwa kutolewa jukwaani kwa mkono.

Nataka nikushukuru. Sijui kukushukuru kwa mpango, nitaandika yanavyokuja. Asante kwa kuendelea kuja Jumamosi. Ungeweza kusema una masomo. Ulikuja, ukaosha kioo, ukafukuza nzi, ukawaamkia wazee shikamoo, na hakuna siku hata moja uliyonionyesha uso mbaya. Nilikuwa nangoja uso mbaya ili nipate sababu. Asante kwa kumficha mama yako kiasi nilichokukaripia siku ile. Asante kwa kuchagua mkondo wa sanaa bila kuniuliza, maana ungeniuliza ningekataa, halafu leo tungekuwa wapi. Barua ya kuitwa Meru ilipokuja nilikasirika jioni moja tu. Asubuhi niliionyesha kila mteja mpaka ikapata doa la damu, ndiyo ile alama uliyoniuliza nikasema ni chai.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili la Desemba. Ulikuja nyuma ya bucha, pale kwenye bomba ninapooshea matumbo, na karatasi mbili za Mwalimu Ireri. Ukasema, "Baba, nisomee maneno ya huyu mzee. Mimi ni msichana wake, namwomba anirudishe shule." Ungeweza kumwomba mtu mwingine yeyote hapa mjini Siakago. Nilisoma kama mtu anayetangaza mazishi redioni. Ulicheka. Ulinicheka mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu ile siku, na nikaona kumbe ninaweza kuchekwa na nisife. Tulifanya wiki tatu. Ukanifundisha nisikimbilie mwisho wa sentensi, nimwache msichana apumue. Paka wawili walikuwa wanatutazama, na mmoja, tuseme ukweli, alikuwa anakuja kwa ajili ya matumbo.

Katika wiki hizo ndipo nilipoona jambo linalonifanya niandike. Kila ukifika katikati ya maneno ya msichana, pale anapoanza kupandisha sauti, macho yako yanakimbia. Yanamwacha mzee, yanaenda pembeni, kule kwenye lango, halafu yanarudi na sauti imeshapungua. Mara ya kwanza nilidhani ni paka. Mara ya tano nilijua si paka, lakini sikujua ni nini. Basi Mwalimu Ireri alipokuja kununua nyama nikamuuliza, kama mtu anayeuliza kuhusu jirani: kwa nini mtoto huyu anatazama pembeni? Aliweka pesa mezani. Kisha akasema, "Mzee Idi, huyo anaangalia kama kuna mtu anakuja kumtoa. Tangu siku ile yuko hivyo. Hata darasani akisoma kwa sauti."

Nilimfungia nyama yake nikasahau kumpa. Alirudi kuichukua baadaye. Nilimwomba msamaha kwa kuvuruga mchezo wake siku ile, akakataa. "Si mimi wa kuombwa," akasema, "mimi nilipanga tu viti."

Katika nyumba niliyolelewa mzazi hamwombi mtoto msamaha. Akimkosea, anamwekea nyama nzuri kwenye sahani na mambo yanaisha. Baada ya kofi la kichinjioni mimi nilikula figo. Wewe baada ya siku ya wazazi ulikula maini siku tatu mfululizo, na ulipouliza kuna nini nilisema yamebaki. Hayakubaki. Yalikuwa yanatafutwa na watu na nikawaambia yamekwisha. Ule ulikuwa msamaha wangu, Zuhura, na ni msamaha wa mwoga, kwa sababu ulikula bila kujua unachokula. Kwa hiyo leo nasema kwa maneno. Nilikukosea. Hukunivunjia heshima, mimi ndiye niliyekuvunjia yako, mbele ya watu, na nikaita hayo malezi. Nisamehe mwanangu. Si lazima kesho, na si lazima uniambie.

Sasa, kuhusu dakika zako tatu, niruhusu nikukosoe, maana anayeigizwa ana haki kidogo. Kisu nakifuta mara mbili, upande huu na upande huu, wewe ulikuwa unakifuta mara moja. Kalamu iko sikio la kushoto. Na unanitembeza kama mtu mwenye goti bovu. Goti langu ni zima. Nimemuuliza mama yako, akasema nitembee mpaka mlangoni na kurudi, kisha akasema mtoto ameona sawasawa. Basi weka goti.

Lakini hili nakuomba kwa dhati. Mteja wa kwanza asiwe yule kijana mrefu. Utakuwa peke yako jukwaani, kwa hiyo wateja wote utawaona wewe tu, na unaweza kumweka unayemtaka. Weka mwanamke aliyesimama mwisho, anayetaka kuondoka. Umwite umlete mbele. Mwambie yale maneno na uyamaanishe, kama mara ile ya kwanza kabisa, kabla hayajawa hila. Usitafute kicheko hapo. Waache wanyamaze, wasijue ni mchezo wa namna gani. Halafu wa pili akija, rudia, na wa tatu, harakaharaka, humtazami mtu tena, na hapo watacheka wenyewe. Nimelifikiria hili tangu asubuhi, ndiyo maana nilimkatia yule mteja maini makubwa kuliko aliyoagiza.

Inawezekana wasikuchukue. Wewe ni mgeni pale, kuna wakubwa wa mwaka wa pili na wa tatu, na mwalimu wao hakujui. Ikiwa hivyo hutakuwa umepoteza mguu wa ng'ombe. Kuna muhula mwingine. Mimi nilikaa miaka thelathini bila kumfanya mkaguzi wa nyama, na juzi nilipowafanyia vijana wa kichinjioni, sauti ya kamasi ilikuja vilevile. Kitu kama hiki hakiozi, ingawa ni vizuri zaidi kisikae muda mrefu hivyo.

Kesho nitakusindikiza mpaka lango la shule na pengine sitasema lolote la maana. Nitazungumza habari za sanduku. Nitauliza mara tatu kama umebeba vyeti. Ukiniona hivyo ujue kwamba yote niliyonayo yako kwenye hii barua, na imo ndani ya daftari lako la kwanza. Usiifungue mbele yangu, tafadhali, nitakosa pa kuweka macho.

Wanasema Jumapili mnaruhusiwa kupiga simu. Nitakuwa nimefunga mapema, simu iko mkononi. Ukipiga usianze na kama umechukuliwa au hukuchukuliwa. Anza na ulivyoingia, halafu nieleze wateja wote, mmoja mmoja, mpaka mwisho, na uniambie walicheka wapi.

Baba yako,
Idi